Tangazo la Mama, Siku ya Posho

Wimbo wetu uliopendwa kuliko nyimbo zetu zote uliandikwa na mtu asiyeweza kuvumilia gitaa la umeme hata dakika mbili, na wala hakujua kwamba ameuandika. Mtu huyo ni mama yangu. Mimi nilichofanya ni kuweka sauti tatu za gitaa chini ya maneno yake, kisha nikakubali kuitwa mtunzi.

Sasa unapigwa kwenye arusi, kuanzia Butembo hadi Beni. Bibi arusi anaingia ukumbini kwa zile hatua zetu za taratibu, moja mbele, nusu nyuma, na wimbo ni huo huo. Mashangazi wanatoa leso. Mimi ninakaa kwenye kiti cha plastiki na chupa yangu ya soda, nikisema moyoni kwamba lau wangejua ulivyoanza, baadhi yao wangecheka na wengine wangenizaba kofi. Wote wangekuwa na haki.

Nianzie kwenye redio, maana bila redio hakuna kinachoeleweka. Kwetu redio si ya muziki kwanza. Ni ya matangazo. Kila asubuhi kabla watu hawajaenda sokoni, msomaji anasoma karatasi walizoleta wananchi dirishani: msiba uko kwa nani, mbuzi mweusi mwenye mguu mweupe amepotea wapi, mwanafunzi gani ameangusha vyeti vyake ndani ya basi. Maneno yana mpangilio wake, nao haubadiliki. Unamtaja anayejulisha, unamtaja anayejulishwa, kisha unataja mambo yenyewe, na kila jambo linaanza na "ya kwamba". Mwishoni kuna agizo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua: mwenye kusikia amjulishe mwenzake. Nalo si pambo. Ukisikia jina la jirani, unaacha sufuria jikoni na unakwenda kumwambia.

Baba aliondoka nikiwa na miaka saba. Alikwenda kusini kununua mbatata, huko mbele ya Lubero, akasema atarudi baada ya majuma mawili. Ninakumbuka veste yake ya kijani, ndilo koti lake, na kile kidole chake cha mkono wa kushoto kisichokunjika, alichokuwa akikitumia kutuelekeza kitandani. Majuma yakawa miezi. Baba wa wenzetu walikufa, wakazikwa, wakaliliwa. Wa kwetu alikuwa hayupo tu, na mtu asiyekuwepo huna namna ya kumlilia.

Mama, ambaye alikuwa akiuza maharagi sokoni, akaanza kupeleka karatasi redioni. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi ya wenzetu wa mbali, sauti ya msomaji ilitoka kwenye redio za mtaa mzima:

"Mama mwenye kuuzisha maharagi ku soko ya Butembo anamujulisha bwana yake, mwenye alitoka na veste ya kijani, mwenye kidole ya mukono ya kushoto haikunjake, ya kwamba batoto beko muzima. Ya kwamba mukubwa alipita mu darasa ya sita. Ya kwamba bati ya jikoni ilibadilishwa. Mwenye kusikia amujulishe mwenzake."

Kila juma aliongeza jambo jipya. Ya kwamba mti wa avoka, parachichi la uani, umezaa. Ya kwamba mtoto wa pili alipata surua na amepona. Mtoto wa pili ndiye mimi. Ya kwamba ukuta wa jirani umeanguka upande wetu, naye amekubali kuujenga. Ya kwamba kikombe chako cha bluu kingalipo. Miaka tisa, siku ya posho baada ya siku ya posho. Ukiyakusanya matangazo yale yote unapata historia kamili ya nyumba yetu, hadi kuku.

Wasichana wa shule waliningoja Jumatatu. Mmoja alijifanya msomaji, ameshika daftari, wengine wakajibu kwa pamoja. "Ya kwamba leo amevaa viatu vya dada yake!" Nilipigana na wawili. Wa tatu alikuwa mkubwa kuliko mimi, kwa hiyo huyo nilimchukia tu.

Halafu nikafika miaka kumi na sita, na asubuhi moja ya posho redio ikasema: "Ya kwamba muschana wako wa pili amekuwa mukubwa sasa, macho yake ni yako." Butembo nzima ikajulishwa kwamba nimekuwa mkubwa. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya maji na madumu yangu. Wavulana waliokuwa nyuma yangu wakainama wote wanitazame macho. Niliacha madumu palepale, nikapanda kilima mbio hadi nyumbani.

Mama alikuwa akichambua maharagi kwenye ungo.

"Mama, unatuhaibisha!" nilisema. "Mutu akikukimbia, amekukimbia! Batu bote banatucheka. Acha!"

Hakunipiga. Alikuwa tayari ameandika karatasi ya juma lililofuata. Aliikunja mara mbili, akaiweka chini ya ungo, akaendelea kuchambua. Siku ya posho iliyofuata tangazo halikusomwa, wala iliyofuata hiyo. Nilidhani nimeshinda. Nilirudi shuleni nimeinua kichwa, mjinga mimi.

Gitaa nilijifunza kwenye kwaya ya vijana ya parokia, ambako tulikatazwa kulipiga kwa nguvu. Miaka ilipita, nikamaliza shule, nikaanza kushona nguo kwa mashine ya dada yangu. Ndipo akaletwa mwalimu mmoja wa Kifaransa kutoka Kasai. Serikali ilimtupa kwetu kama inavyowatupa watumishi wake wote, akafika na koti moja jepesi katika mji wenye ukungu hadi saa tatu za asubuhi. Alikuja kwangu kushonewa koti zito. Nilipokuwa nikimpima mabega, simu yake ikalia muziki wa magitaa yaliyokuwa yakikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Nikamwuliza ni nini kile. Akasema ni rock, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia asiizime.

Hivyo ndivyo kundi lilivyozaliwa. Mwalimu aliimba. Besi alipiga karani mmoja wa bureau, ofisi ya vizazi na vifo, mtu wa Bandundu, aliyetutukana kwa Kilingala kila tulipokosea. Batri, yaani zile ngoma za fimbo, alipiga kijana wa kwetu, wa familia ya wafanyabiashara, na baba yake alituazima depo yake, ghala la mabati, kila siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, baada ya misa. Kila alipopiga ngoma kubwa, mabati yote yaliitikia. Hatukuwahi kujua sauti yetu halisi ilikuwaje, maana tulijisikia siku zote tukiwa na mabati mia moja nyuma yetu.

Butembo ni mji wa rumba na nyimbo za kanisa. Watu walisimama mlangoni pa depo wakitutazama kwa huruma. Mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, alivumilia nyimbo mbili, akauliza kwa upole: "Mbona munakasirika hivi, batoto bangu? Nani aliwakosea?" Karani akamjibu kwamba ni État, yaani serikali. Mama akatikisa kichwa, akaona sababu ni ya kutosha, akatuachia fungu la sombe.

Tulikuwa na furaha sana. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Tulikuwa na nyimbo saba, zote za hasira: mmoja wa vumbi, mmoja wa mashimo ya barabara, mmoja wa foleni kwenye bureau ya karani wetu mwenyewe, aliouimba kwa bidii kuliko sisi. Tulipoamini kwamba zimeiva, tukaenda kuzirekodi kwenye chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Umeme ulitoka kwenye jenereta iliyokuwa uani, na fundi alituonya kwamba petroli ni kidogo, tusianze kubishana.

Tulirekodi zote saba. Fundi akasema hakuridhika na sauti ya mwalimu, anataka kupima tena mikrofoni, mtu aseme chochote. Mwalimu, ambaye darasani hanyamazi, hakupata la kusema. Nikaamua kuwachekesha. Nikashika pua, nikaigiza sauti ya msomaji wa redio: "Mama mwenye kuuzisha maharagi anamujulisha bwana yake..." Vidole vyangu vikawa vinapiga sauti tatu za polepole, zile za kwaya. Nikataja veste. Nikataja kidole. Kijana wa batri, aliyekulia Butembo kama mimi, alicheka hadi akaangusha kijiti. Alilikumbuka tangazo lile. Kila mtu wa rika letu analikumbuka.

Mwalimu peke yake hakucheka. Yeye hakukulia kwetu. Alikuwa amemwacha mke wake Kasai na mtoto mchanga, na kwa miezi kumi na minne alikuwa hajapata namna ya kwenda kuwaona. Alinisogelea, akaniuliza kwa kunong'ona maneno yanayofuata ni yapi, na kila nililomtajia akaliimba. Ya kwamba bati ya jikoni ilibadilishwa. Ya kwamba avoka imezaa. Ya kwamba kikombe chako kingalipo. Aliimba bila kupaza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwa wanafunzi, akisitasita kama mtu anayesoma barua ya kwake. Kijana wa batri akaokota kijiti chake. Karani akaingiza besi. Yakaisha mambo yote niliyoyakumbuka, wimbo haukuwa na pa kwenda, nami nikapaza neno la kwanza lililonijia: "Rudi!" Mwalimu akalidaka. "Rudi, rudi, mlango hauna kufuli." Akaliimba mara nne. Mara ya tano petroli ikaisha, na kila kitu kikazima katikati ya neno.

Fundi hakuwa amesimamisha mashine. Alituwekea yote kwenye flash, nyimbo saba na kipimo cha mikrofoni, akabaki na nakala. Sisi tukagawa zile saba. Yeye akagawa wa nane.

Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na pikipiki Butembo isiyokuwa nao. Vinyozi waliupiga, wauza vocha waliupiga, vijana waliwatumia wachumba wao. Wajuzi walisifu namna wimbo unavyokatika mwishoni, wakasema ni ufundi wa hali ya juu. Hakuna aliyeuliza habari za vumbi wala mashimo. Karani aliumia kwa majuma mawili mazima. Halafu watu wakaanza kutufuata depo na karatasi zao, wakitaka waimbiwe matangazo. Mzee mmoja alikaa mazoezi yote akingoja zamu ya mbuzi wake aliyepotea. Tulipomweleza kwamba hatufanyi hivyo, akasimama kwa hasira.

"Ya mapenzi munaimba, ya mbuzi hapana?"

Tulicheka, lakini cheko langu lilikuwa la nusu. Nilikuwa namwogopa msikilizaji mmoja tu. Nilikuwa nimemkataza mama yangu asiseme maneno yake, halafu mimi mwenyewe nikayachukua bila kumwuliza, nikashika pua, nikayafanya kichekesho, na sasa nilikuwa nikipigiwa makofi kwa ajili yake. Akiusikia wimbo ule atajua papo hapo. Nilijaribu kuufikiria uso wake nikashindwa.

Mama hakuwa na simu ya kuchezea muziki. Alikuwa na redio, ile ile, imefungwa kwa mpira. Kwa hiyo nilimwibia betri. Nilizitoa asubuhi, nikamwambia siku hizi wanauza betri za uongo. Akanunua nyingine, nikaziiba tena. Kwa majuma matatu mama yangu aliishi na redio bubu na binti aliyekuwa akiombwa mahojiano na kituo cha redio hiyo hiyo.

Walitualika siku ya Mungu mchana, kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Niliondoka nyumbani nikiwa na betri mbili mfukoni. Mtangazaji, kijana mgeni ambaye hakulikuta tangazo la mama, alituuliza tulikutanaje, mwalimu akaeleza habari za koti, watu wakapiga simu kusifu. Mmoja alitaka kuniposa. Kisha ikaingia simu ya mbali, kutoka kusini, yenye upepo ndani yake.

"Allô? Donc, miye niko Luofu," alisema mwanamume. "Napiga juu ya ule baba munatafutaka mu wimbo."

"Karibu sana, baba," alisema mtangazaji akitabasamu.

"Mwenye veste ya kijani, kidole ya kushoto haikunjake. Ule baba tuko naye hapa. Veste ilikwishaka, lakini kidole ingali vile. Anauzishaka mbatata. Eko na bibi na batoto bane. Mujulishe familia yake."

Mtangazaji akacheka. "Mais baba, hii ni wimbo tu!"

"Wimbo?" Yule mtu aliudhika. "Mulisema mwenye kusikia amujulishe mwenzake. Miye nilisikia. Njo najulisha."

Akakata. Mwalimu alinitazama, na usoni pangu akaelewa kwamba haukuwa wimbo tu. Kwa miezi yote ile alidhani nilijitungia. Nilivua vile vikombe vya masikio, nikatoka.

Sikupanda pikipiki. Sikuwa na akili ya kusimamisha pikipiki. Nilipanda vilima vyote vya Butembo kwa miguu yangu, na njia nzima nilikuwa nikijiambia jambo moja: nimemuua. Bora angejua tu kwamba nilimcheka. Sasa mji mzima umesikia kwamba mume wake yuko hai, anauza mbatata, ana mke na watoto wanne, na umesikia kwa sababu yangu. Jirani yeyote angeweza kuwa amekwisha kufika kwake. Mwenye kusikia amjulishe mwenzake.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, ungo magotini. Redio ilikuwa inaongea. Alikuwa ameazima betri za tochi ya jirani.

Nilipiga magoti kwenye maganda ya maharagi. "Mama, unisamehe."

"Ya betri?" aliuliza. "Ama ya wimbo?"

"Yote."

"Wimbo minausikiaka ku soko tangu mwezi mbili. Batoto ba vocha banaupiga mbele ya meza yangu." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagi. "Miye nilingoja uje kuniambia. Weye unaiba betri."

"Na ule mutu wa Luofu? Ulimusikia?"

"Nilimusikia. Minajua Luofu." Hakuinua macho. "Tangu mwaka wa pili minajua. Dereva wa camion ya mbatata aliniambia. Na ule bibi minamujua jina."

Sikuelewa. Nilibaki nimepiga magoti, nikihesabu miaka. Kama alijua tangu mwaka wa pili, basi miaka saba ya matangazo aliyapeleka akijua.

"Sasa ulikuwa unamutafuta ya nini?"

"Nani alikuambia minamutafuta?" Sasa aliniangalia. "Ku Luofu redio haifikake?"

"Inafika."

"Njo hivyo. Bandugu zangu balitaka kurudisha mbuzi ya mahari, ndoa iishe. Nikasema hapana, mbuzi muache. Huyu atanisikiaka kila siku ya posho. Akikaa ku meza ya ule bibi na bugali yake, asikie bati yangu ni ya mupya. Asikie batoto bangu banapita mu masomo. Imukwame ku shingo." Akacheka, cheko lile la sokoni ambalo huwa analitoa mteja akijaribu kumdanganya. Kisha likaisha. "Na siku zingine nilifikiri tu, labda atapenda kujua kama surua yako ilipona."

Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu nikiwa na miaka kumi na sita, kwamba nilimnyamazisha, kwamba nilimfokea kama mtu asiye na mama. Akafanya mkono kama anafukuza nzi.

"Ile mwaka ulinikataza, posho mbili zilipita. Ya tatu, akakuya."

"Nani akakuya?"

"Baba yako. Hapa Butembo, ku soko. Alisimama ku upande wa bauza samaki, na kofia mupaka ku macho. Akauliza mama wa samaki: ule mama wa maharagi alikufa? Juu redio ilinyamaza." Alichambua maharagi matatu, manne. "Nilimuona. Mutu alikuwa mbele yangu anangoja kopo yake, nikamupimia. Nilipoinua kichwa, baba yako alikuwa amekwisha kwenda."

"Mama! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na examen," alisema.

Nililia pale chini, na sioni haya kuliandika. Nililia kwa sababu ya ile karatasi iliyokunjwa mara mbili chini ya ungo. Nilidhani nilimpokonya aibu, kumbe nilimpokonya uzi pekee uliobaki kati yake na yule mtu, naye akauachia bila neno ili nitembee shuleni nimeinua kichwa.

Aliniacha nilie hadi nikamaliza. Halafu akasema kwa sauti ya kazi:

"Lakini mu ile wimbo kuko kosa. Ile 'rudi', nani aliiweka?"

"Ni miye."

"Itoe. Miye sikumwambiaka arudi. Hata siku moja."

Nilitaka kubisha, nikarudi nyuma kichwani, tangazo baada ya tangazo, niliyoyasikia nikioga, nikila, nikipigana. Surua, bati, ukuta, avoka, kikombe. Alikuwa anasema kweli. Katika miaka tisa neno lile halikuwemo.

"Nilimujulisha tu," alisema. "Kurudi ni kazi yake."

Baba hakurudi, niseme sasa hivi ili msomaji asingoje. Siku hizi hata barabara ya kusini haipitiki, Kanyabayonga na Luofu tunazisikia kwa habari za wanaokimbia vita, na sijui kama huko bado kuna anayefungua redio asubuhi. Lakini wakati ule ninaousimulia barabara ilikuwa wazi, simu ziliita, na hakurudi.

Niliwaambia wenzangu kwamba neno lazima litoke. Kijana wa batri akashika kichwa. Neno lile ndilo watu walilolilipia mioyo yao, ukilitoa watatupiga chupa. Karani akasema kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba maombi ya mwananchi yaheshimiwe. Mwalimu, ambaye tangu siku ya redio aliniangalia kwa namna ya kuomba msamaha, ndiye aliyepata njia: tukifika pale, tunanyamaza. Tunahesabu hadi nane, mikono chini, halafu tunaendelea bila neno. Tukafanya mazoezi ya kunyamaza, na mabati nayo yakanyamaza.

Mara ya kwanza kuupiga hivyo hadharani ilikuwa Beni, kwenye uwanja wa shule. Ilikuwa saa nane za mchana, kwa kuwa amri ya kutotembea jioni ilikuwepo na kila mtu alitaka kuwa kwake mapema. Mama akatangaza kwamba anakuja.

"Unapenda rock sasa?" nilimwuliza.

"Minaenda kuangalia kama umeitoa."

Tulishuka wote katika gari moja, kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto lile, kakao imeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara na harufu yake ya chachu ikiingia dirishani. Mama alivaa kitenge cha chama cha akina mama wa parokia. Alikaa kiti cha mbele kabisa, mkoba magotini, na tulipoanza wimbo wa vumbi akatia vidole masikioni, waziwazi, mbele ya watu wote. Hakuvitoa kwenye mashimo wala kwenye foleni ya bureau.

Kisha nikapiga zile sauti tatu. Uwanja mzima ukapiga kelele ya furaha, ukanyamaza wenyewe. Mwalimu akaimba taratibu, ya kwamba hii, ya kwamba ile, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuazima lakini maneno sasa yalikuwa ya kwake. Tukafika pale. Tukashusha mikono.

Sikuwa nimeifikiria Beni. Beni ni mji ambako mauaji yameacha kila nyumba na mtu wake wa kuita. Kabla hatujahesabu mbili, watu waliliimba wao. "Rudi, rudi." Si kwa kelele. Waliliimba kama wanavyoitikia kanisani, mamia yao, kijana aliyepanda ukutani, askari wa getini, bila gitaa, bila ngoma, bila sisi.

Nilimtazama mama haraka, nimwonyeshe kwa macho kwamba si mimi, ni wao. Vidole vilikuwa vimetoka masikioni. Alikuwa amefumba macho, mkoba ameukumbatia kifuani, na midomo yake ilikuwa inalitamka pamoja nao. Mara zote nne. Tulikosa kuhesabu hadi nane, nadhani tulihesabu hadi thelathini, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kuanza tena na sikuweza.

Njiani kurudi Butembo alikaa karibu nami hadi baridi ilipoanza kutugusa na akatoa sweta yake mkobani.

"Wasingya," alisema, kwa Kinande chetu, asante. "Muliitoa."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Tuliitoa."